Timu Haifii Uwanjani

Ndugu msomaji, pita Kondele siku ya Jumatatu baada ya Gor Mahia kupigwa, usimame kidogo usikilize. Watu wa boda boda hawataji bei ya petroli siku hiyo. Mama muuza omena ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wowote naye ana maoni yake. Na maoni yote, yawe ya mkubwa au ya mdogo, huishia kwa maneno mawili: "Kocha aende!" Basi kocha huenda. Watu hutulia wiki tatu nne hivi. Kisha timu hupigwa tena, na wimbo ule ule huanza upya.

Sikatai, hata mimi nimewahi kuuimba. Lakini kadiri nilivyozifuatilia timu zetu za huku ziwani, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tunalilia kaburi ambalo si lenyewe. Timu haifii uwanjani. Uwanjani sisi huona mazishi tu. Ugonjwa wenyewe huanzia ofisini. Wahenga walikwisha kutuambia, na sisi watu wa ziwa tunalijua kwa pua zetu, kwamba samaki huanza kuoza kichwani.

Katika makala haya nitatazama mambo matatu: mwenye timu ni nani, timu inasimamiwa vipi, na kocha anapewa muda gani. Nimeyapanga hivyo kwa makusudi. Wengi wetu huanza na la tatu na kuishia hapo hapo. Mimi nasema kwamba la kwanza likiwa bovu, la tatu haliwezi kuponya kitu.

Tuanze na msimu wa 2019/20, maana huo ulikuwa msiba kwa kandanda ya upande wetu. Msimu ulipoanza, ligi kuu ya Kenya ilikuwa na Sony Sugar ya Awendo, Chemelil Sugar ya kule kwenye mashamba ya miwa, Kisumu All Stars iliyokuwa imepanda daraja mwaka huohuo wa 2019, na Western Stima. Ulipokwisha, Sony ilikuwa imefukuzwa ligini, Chemelil imeteremka daraja, na Kisumu All Stars ikashindwa na Vihiga United katika mechi za mchujo, nayo ikateremka. Western Stima ilinusurika uwanjani, lakini mwaka huohuo wa 2020 kampuni ya umeme iliyokuwa ikiilea ikajitoa. Timu nne, msimu mmoja! Jamani, tutasema makocha wa timu nne walisahau kazi yao kwa pamoja?

Hebu tuitazame Sony kwa karibu. Hii haikuwa timu ya kubahatisha. Mwaka 2006 Sony ilikuwa bingwa wa Kenya. Vijana wa mji mdogo wa kiwanda waliwapita wakubwa wote wa Nairobi na Mombasa, na Awendo ikalala macho. Miaka 13 baadaye, Novemba 2019, timu hiyohiyo ilifukuzwa ligini. Haikufukuzwa kwa sababu ya kufungwa magoli mengi. Ilifukuzwa kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu, kwa kuwa pesa za kuiendesha zilikuwa zimekwisha, na sheria ya ligi ni kwamba ukikosa mechi tatu, kwaheri ya kuonana. Sasa niambie, ni kocha gani duniani anayeweza kushinda mechi ambayo basi la timu halikuondoka nyumbani?

Kisa chenyewe ni hiki. Timu za viwanda huzaliwa na kulelewa na kiwanda. Kiwanda kikishiba, timu hushiba. Mchezaji hupata kiatu, chakula, malazi, na akiwa na bahati hupata hata ajira ya kumfaa baada ya kustaafu mpira. Tusisahau wema huo. Vijana wengi wa Awendo, Chemelil na Muhoroni walijengewa maisha na miwa. Lakini viwanda vya sukari vya huku kwetu vimekuwa wagonjwa kwa miaka mingi. Mitambo imezeeka, madeni yamepanda, sukari ya nje imejaa madukani kwa bei ya chini, na mkulima aliyepeleka miwa yake hungoja malipo hadi anasahau alipeleka tani ngapi. Mkulima yuko kwenye foleni. Mfanyakazi wa kiwandani naye yuko kwenye foleni. Mchezaji wa mpira je? Yeye yuko nyuma kabisa, karibu na lango.

Wala simlaumu meneja wa kiwanda. Nikiwekwa mimi katika kiti chake, mbele yangu mkulima mwenye watoto watano wanaodaiwa karo, na kando yake mshambuliaji anayedai marupurupu ya mechi ya Jumamosi, nitamlipa mkulima kwanza. Na wewe msomaji ungefanya vivyo hivyo. Kosa liko mahali pengine. Kosa ni kuwa na timu ya mpira isiyo na mguu wake yenyewe, inayosimama kwa mguu wa mwenzake. Mwenzake akiteguka, wote chini.

Timu inayobebwa na serikali ya kaunti nayo ina shida ya aina hiyohiyo, ijapokuwa sura ni nyingine. Kisumu All Stars ilikuwa ikiitegemea kaunti. Fedha za umma zina utaratibu wake. Bajeti huanza Julai, mgao kutoka Nairobi mara nyingi huchelewa, na kabla ya kufika kwa timu kuna hospitali, barabara na misaada ya karo. Ligi haingoji. Mechi ya ugenini ni Jumapili hii, si mwezi ujao. Tena kila baada ya miaka mitano kuna uchaguzi, na anayeingia huenda asipende alichokipenda anayetoka. Mtoto anayelelewa kwa zamu hakosi kulala njaa siku ya mabadiliko ya zamu.

Sasa tugeukie Gor Mahia, maana najua hapo ndipo wengi mlipokuwa mkinisubiri. K'Ogalo si ya kiwanda wala ya kaunti. Makao yake ni Nairobi, lakini moyo wake uko huku, kuanzia Kisumu hadi Homa Bay na Migori. Ni timu ya mashabiki. Jina lake lenyewe ni la Gor wa Ogalo wa Kanyamwa, yule mganga mashuhuri ambaye wazee husema aliweza kujigeuza umbo apendavyo. Timu iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, na mwaka huohuo ikatwaa ubingwa wa Kenya. Mwaka 1976 ilikuwa bingwa bila kushindwa mechi hata moja ligini. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika ikafungwa na Canon ya Yaoundé. Mwaka 1987 ikarudi na kulichukua kombe hilo, lililokuwa likiitwa Kombe la Nelson Mandela, kwa kutoka sare ya 2-2 na Esperance huko Tunis na 1-1 Kasarani, yale magoli mawili ya ugenini yakaamua. Nahodha alikuwa Austin Oduor na kocha alikuwa Mwingereza Jack Johnson. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyofanya hivyo hadi leo.

Baada ya hapo? Gor ilishinda ligi mwaka 1995, kisha ikakaa miaka 18 bila taji la ligi hadi 2013. Fikiria, msomaji: mtoto aliyezaliwa siku ya sherehe za 1995 alikwenda chekechea, akamaliza msingi, akamaliza sekondari, bado hajaona timu ya baba yake ikiwa bingwa. Je, vipaji vilikauka ziwani kama kisima cha kiangazi? La hasha. Vijana walikuwapo, na mashabiki walikuwapo hata mvua ikinyesha. Kilichokosekana ni utulivu juu. Kamati zilivutana, pesa hazikujulikana zilipoingia wala zilipotokea, na mfadhili hukimbia nyumba yenye kelele. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hapa najua kuna mwenzangu ambaye ameinua mkono. Ataniambia: "Wewe bwana, unasema utulivu, utulivu. Mbona kati ya 2013 na 2020 Gor ilishinda ligi mara 7 katika misimu 8, na makocha walikuwa wakibadilishwa kila uchao?" Ni hoja nzuri, na sitaikimbia. Ni kweli. Zdravko Logarusic aliuanza msimu wa 2013, Bobby Williamson akaumaliza. Williamson aliuanza 2014, akaitwa kufundisha Harambee Stars, Frank Nuttall akaumaliza, na 2015 akaongoza timu kuwa bingwa bila kushindwa. Akaja Zé Maria, akaja Dylan Kerr, akaja Hassan Oktay, akaja Steven Polack. Makocha 7 wa kigeni, mataji 7. Ukiangalia upesi utadhani kila kocha anayefukuzwa hutuachia kombe kama zawadi ya kuaga.

Lakini tuangalie ni kitu gani ambacho hakikubadilika miaka hiyo. Mfadhili alikuwapo na pesa zilikuwa zikiingia. Kundi la wachezaji lilikaa pamoja, akina Harun Shakava, Francis Kahata, Meddie Kagere na wenzao, wakajuana hadi mmoja akigeuka mwenzake anajua mpira unakwenda wapi. Kocha mpya alikuwa akiingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa na chakula kikiwa jikoni. Kazi yake ilikuwa kupakua. Nyumba ndiyo iliyoshinda yale mataji, na mpishi alikuwa akibadilishwa tu.

Dalili ya ukweli wa maneno yangu ni yaliyotokea nyumba ilipotikiswa. Agosti 2019 kampuni ya kamari iliyokuwa ikiifadhili Gor, na ligi yenyewe, iliacha ufadhili baada ya leseni yake kukataliwa nchini. Kagere alikuwa amekwisha kwenda Simba ya Tanzania mwaka 2018. Kahata akamfuata 2019. Jacques Tuyisenge akaenda Angola. Taji la 2019/20 lilipatikana ligi ikikatizwa na korona, kisha Tusker ikachukua mawili mfululizo, 2021 na 2022. Makocha waliendelea kubadilishwa kama zamani, tena kwa kasi zaidi, lakini sasa dawa haikufanya kazi. Ilikuwa haijawahi kuwa dawa.

Na hata katika miaka ile ya neema, kubadilisha-badilisha kulitugharimu mahali tusipopataja sana, yaani Afrika. Chini ya Oktay, Gor ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kupanda ngazi ya pili. Kabla ya msimu uliofuata kuchanganya, Oktay alikuwa amekwisha kuondoka na Polack anajifunza majina ya wachezaji. Mwaka 2020 aliajiriwa Roberto Oliveira, halafu ikabainika kwamba vyeti vyake havikubaliki kwa mechi za CAF. Kocha wa mabingwa wa Kenya akawa hawezi kukaa kwenye benchi ya timu yake! Hilo halikuwa kosa la mshambuliaji kupiga mpira juu ya mwamba. Ni karatasi ambayo mtu ofisini alipaswa kuisoma.

Baya zaidi lilikuwa la 2023. Johnathan McKinstry alikuja 2022, akapewa nafasi, na katika msimu wake wa kwanza Gor ikawa bingwa. Wachezaji walitokwa jasho miezi kumi. Zawadi ya jasho hilo ilikuwa kucheza Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Hawakuicheza. Klabu haikutimiza masharti ya leseni, madeni yakiwa miongoni mwa mambo yaliyoifunga mikono. Walishinda uwanjani wakafungwa ofisini. Hata hivyo McKinstry alikaa msimu wa pili, na timu ikawa bingwa tena 2023/24, taji la 21 katika historia yake. Alipoondoka, akaja Leonardo Neiva, naye akaondoka kabla msimu haujaisha, na ligi ya 2024/25 ikachukuliwa na Kenya Police kwa mara ya kwanza. Mashabiki tulipiga kelele ileile: kocha aende.

Pengine tujiulize, kocha mpya akija hutokea nini hasa? Mimi naona ni kama mwalimu wa Hisabati anapobadilishwa muhula wa pili wa Kidato cha Nne. Mwalimu mpya huenda ni hodari kuliko wa kwanza, lakini ana njia yake. Kocha wa kwanza alitaka mabeki wapige mpira mrefu, wa pili anataka waupige chinichini kutoka langoni. Wa kwanza alimtumia kiungo fulani kila mechi, wa pili anamweka benchi kwa sababu hajamwona vizuri. Mazoezi ya viungo yaliyopangwa kwa miezi yanavunjwa katikati, na wachezaji wanaanza kuumia misuli. Kisha kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Mchezaji anayejua kwamba kocha hatamaliza mwaka hamsikilizi. Anatikisa kichwa tu, anangoja huyu aende, aje mwingine. Timu ya namna hiyo inakuwa na kocha lakini haina mafundisho.

Kinyume chake tumekiona kwa jirani. Tusker ilimchukua Robert Matano mwaka 2018. Misimu ya kwanza hakuleta taji. Hapa kwetu angekwisha kuimbiwa wimbo wa Kondele. Wao walimwacha aendelee kujenga, na ni yeye aliyeleta yale mataji mawili ya 2021 na 2022. Huko Dar es Salaam, Yanga ilimleta Nasreddine Nabi Aprili 2021, ikamwachia kazi, akachukua ubingwa wa Tanzania mara mbili na mwaka 2023 akaifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikakosa kombe kwa sheria ya magoli ya ugenini tu. Hata Manchester United ambayo vijana wengi humu shuleni huilalia na kuiamkia, Alex Ferguson aliingia 1986 na ligi ya kwanza akaichukua 1993. Alisubiriwa miaka sita na ushee!

Simba nayo ina funzo lake. Makocha wake wamebadilika mara nyingi, sawa na Gor, lakini tangu 2017, mwekezaji alipokubaliwa kwa asilimia 49 na wanachama wakabaki na 51, mishahara ilitengemaa na wachezaji bora wakakusanyika, wakiwamo hao wetu wawili. Kagere alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania msimu wake wa kwanza, na Simba ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu huohuo wa 2018/19. Unaona mpangilio wangu ulivyo? Mwenye timu kwanza, usimamizi pili, kocha tatu.

Na tusifikiri haya ni ya kandanda peke yake. Katika mpira wa magongo Kenya ina dada zetu wa Telkom, waliotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi, na kwa miaka mingi wakiwa chini ya kocha mmoja, Jos Openda. Hawakuwa na viwanja vya Ulaya. Walikuwa na mwajiri, na walikuwa na mwalimu aliyewajua tangu wakiwa wasichana wadogo. Lakini hata wao, kampuni ilipoacha kuwafadhili, timu ililazimika kubadili jina ikaitwa Blazers na kuanza kujitafutia riziki. Mwalimu mzuri na ubingwa wa bara zima havikutosha kuizuia kampuni isifunge mkoba. Yaliyowapata Sony huku kwetu yaliwapata na wao, ingawa wao walibaki wamesimama.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kocha mbovu afugwe kama ng'ombe wa urithi. Yuko kocha asiyefika mazoezini, yuko anayechagua wachezaji kwa kujuana, na hao waende leo hii. Pia utulivu pekee si tiba. Gor yenyewe ilikuwa na mwenyekiti mmoja kwa zaidi ya mwongo mzima, na bado makocha waliingia na kutoka na madeni yakarundikana. Kukaa muda mrefu bila kuulizwa hesabu ni utulivu wa maji ya dimbwi. Yanatulia, naam, lakini huota magugu, na sisi tunaolijua gugu maji la Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji uganga wa Gor wa Ogalo.

La kwanza, mashabiki tuache kuwa wenye timu kwa mdomo. Tunajiita wenye Gor, lakini wangapi wetu wana kadi ya uanachama na wanalipa ada kila mwaka? Asiyelipa hana haki ya kuuliza, na ofisi inalijua hilo. Mashabiki elfu kumi wakitoa shilingi mia moja kila mwezi, hiyo ni milioni moja ya uhakika isiyotegemea mfadhili wala mwanasiasa. Siku mfadhili akiondoka, basi la timu litaondoka pia kwenda mechini.

La pili, timu isisajili mchezaji isiyeweza kumlipa. Kabla ya msimu kuanza, mshahara wa angalau nusu msimu uwe benki. Kama pesa ni za wachezaji 20, basi wasajiliwe 20, si 35. Wachezaji wasiolipwa hushitaki, mashitaka huleta adhabu, na adhabu ndiyo inayowanyima wenzao Afrika.

La tatu, kocha apewe mkataba wa miaka miwili au mitatu, uandikwe wazi anatakiwa kufikia nini kila mwaka, na vyeti vyake vikaguliwe kabla hajapanda ndege. Akishindwa kwa kipimo kilichoandikwa, aende bila matusi. Asiende kwa sababu Kondele imekasirika Jumatatu. Na chini yake awepo kocha msaidizi wa hapa nyumbani ambaye hatolewi pamoja naye, ili siku ya mabadiliko timu isianze na alifu.

La nne, hesabu zisomwe. Kila mwaka, mbele ya wanachama, ofisi iseme kiliingia nini na kilitoka nini. Kisumu sasa ina uwanja mzuri wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, uliofunguliwa 2021. Tumepata nyumba. Itakuwa aibu kuwa na nyumba ya mawe na ndani yake familia isiyojua nani alikula mboga.

Labda mtu atauliza, haya yanamhusu nini mwanafunzi? Yanamhusu sana. Kila mwaka kuna mwenzetu anayemaliza mtihani wa mwisho na kutia saini kuchezea klabu, akiacha nafasi ya chuo cha ufundi au ualimu kwa sababu ameambiwa mpira unalipa. Mama yake amemwaga machozi ya furaha. Akifika huko anakuta mshahara wa miezi mitatu haujatoka, kocha aliyemsajili amefukuzwa wiki iliyopita, na kocha mpya hata jina lake halijui. Miaka miwili baadaye tunamkuta mtaani na goti bovu. Tunasema ati alikuwa na kipaji lakini hakuwa na nidhamu. Tunamwonea. Kipaji alikuwa nacho, ila hakuwa na klabu.

Hata humu shuleni tumeliona jambo hili kwa udogo wake. Mwalimu anayefundisha timu akihamishwa, mpaka apatikane mwingine tumekwisha tolewa katika mashindano ya kaunti ndogo, na lawama zote humwangukia kipa. Tungekuwa na daftari la mazoezi lililoachwa, nahodha msaidizi aliyeandaliwa, na mpira mmoja wa akiba kabatini, mwalimu mpya angeanzia pale mwenzake alipoachia. Klabu kubwa hazihitaji zaidi ya hayo, ila tu kwa tarakimu kubwa zaidi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, Jumatatu nyingine ikifika na timu ikiwa imepigwa, na ukapita Kondele ukawakuta wanaimba ule wimbo, usiwazomee. Ni watu wanaoipenda timu yao. Waulize tu maswali matatu kwa upole: wachezaji wamelipwa mwezi huu? Hesabu za mwaka jana zilisomwa lini? Na wewe, mzee wangu, kadi yako ya uanachama iko wapi? Wakikujibu yote matatu, nami nitakuja tuimbe pamoja.